Mapafu hayangojeaka mwisho wa mwaka



Leo tunaongea juu ya neno moja dogo ambalo watu wengi wanapitaka juu yake bila kulisoma: "kila mwaka". Liko ndani ya kanuni za migodi, liko ndani ya karatasi za mazingira ambazo kompani wanaandikaka. Na lile neno njo linaamua kama wewe unayekaa karibu na kiwanda utajua ulivuta nini usiku wa jana, ao utajua kisha miezi mingi, ao hautajua kamwe.

Msimamo wetu tunausema mwanzoni ili mtu asipoteze wakati. Viwanda vinavyoyeyusha na kusafisha madini katika Haut-Katanga na Lualaba vitoe ripoti ya moshi na gesi zao kila miezi mitatu, si mara moja kwa mwaka. Na ile ripoti ifike kwa wananchi, isibakie kwa meza ya ofisi.

Kuko wenye watasema: na shida zote ziko mu inchi hii, vita, njaa, barabara, nyinyi munashika kalamu ju ya tarehe ya ripoti? Ndiyo, tunashika. Soma mpaka mwisho, utaelewa ju ya nini.

Sheria tayari iko, saa ndio mbaya

Hatuombi kitu kipya kutoka mbinguni. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, na ana jukumu la kuyalinda. Kifungu cha 24 kinatupa haki ya kupata habari. Kifungu cha 54 kinasema kila uchafuzi unaotokana na kazi ya biashara unaleta malipo ao matengenezo. Sheria ya mazingira namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inafuata njia hiyohiyo. Na sheria ya migodi, vile ilirekebishwa Machi 2018, ilienda mbali zaidi: mwenye haki ya kuchimba analipa hasara aliyoleta kwa watu na mazingira hata kama hakuna kosa wala uzembe uliohakikishwa.

Kwenye karatasi, tuko watajiri wa haki. Sasa fikiri mama mmoja wa kartie iliyo karibu na kiwanda. Mtoto wake amekohoa usiku mzima, mboga kwenye shamba lake ndogo zimekauka majani kwa siku mbili. Sheria inamwambia hana haja ya kuonyesha kosa la kompani. Vizuri. Lakini lazima aonyeshe kwamba hasara ilitoka kule. Ataonyesha na nini? Inaomba aseme: tarehe fulani, saa fulani, gesi fulani ilitoka kwa bomba fulani. Ile habari hana. Iko na kompani.

Na kompani inaitoa wakati gani? Règlement minier ya 2003 iliweka utaratibu huu: mwenye mgodi anapeleka ripoti juu ya kazi zake za mazingira mara moja kwa mwaka, na ukaguzi wa mazingira unafanyika kila miaka miwili. Ripoti inaenda kwa utawala wa migodi kule Kinshasa. Mama wa kartie hayuko kwenye njia ya ile karatasi. Na siku ripoti itakapofika mbele ya mtu wa kuisoma, kikohozi kimepita ao kimekuwa ugonjwa wa kudumu, mboga zimetupwa, na hakuna tena wa kukumbuka kama ilikuwa Jumanne ao Alhamisi.

Njo maana tunasema haki bila saa yake ni haki nusu.

Gesi inauma kwa dakika

Tuingie kidogo ndani ya sayansi, si mbali.

Sehemu kubwa ya shaba duniani inatoka kwa mawe yenye salfa. Ukiyeyusha yale mawe, salfa inaungua na kuwa gesi, dioksidi ya salfa. Kiwanda kizuri kinaishika ile gesi na kuigeuza asidi ya salfa, ambayo viwanda vyetu vinaihitaji sana kwa kusafisha shaba na kobalti. Kuna hata viwanda ambavyo vinanunua salfa na kuichoma makusudi, ili kupata asidi. Kila kitu kikitembea vizuri, gesi kidogo tu inatoka inje. Lakini mitambo inasimamaka. Inawashwa, inazimwa, inatengenezwa. Courant inakatika, na sisi wa Katanga hatuna haja ya kuelezwa kukatika kwa courant ni nini. Mitambo ikisimama ghafla, gesi inaweza kutoroka bila kushikwa. Mara nyingi njo zile saa chache zinaleta shida kubwa kuliko wiki nzima ya kazi ya kawaida.

Dioksidi ya salfa inabana njia ya pumzi kwa dakika chache, zaidi kwa watu wenye asma na watoto. Ju ya ile, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) limeweka vipimo viwili kwa gesi hii: mikrogramu 500 kwa meta moja ya ujazo kwa dakika 10, na mikrogramu 40 kwa masaa 24. Kwa mavumbi madogo yanayoingia ndani ya mapafu, OMS wameweka kipimo cha siku na kipimo cha mwaka. Kwa dioksidi ya salfa, mwongozo wao wa 2021 hauna kipimo cha mwaka. Hawakukisahau. Ni gesi inayoumiza haraka, kwa hiyo wanaipima haraka. Sisi tunaomba hesabu yake mara moja kwa siku 365.

Tufanye hesabu pamoja. Huu ni mfano tu, si kipimo cha kiwanda fulani. Tuseme kwa kartie moja, siku 355 za mwaka hewa iko na mikrogramu 10 za gesi ile. Hakuna wa kulalamika. Siku 10 zinazobaki, mitambo imeharibika, hewa inapanda mpaka 400, mara kumi ya kipimo cha OMS cha masaa 24. Sasa tafuta wastani, ile tunaitaka moyenne: 355 mara 10 ni 3,550. 10 mara 400 ni 4,000. Jumla 7,550, ugawe kwa 365. Unapata karibu 21.

Ishirini na moja! Ukiiandika ndani ya ripoti ya mwaka, inaonekana nzuri kabisa, nusu ya 40. Mkubwa anaweka sini, anapiga muhuri. Zile siku kumi ambazo watu walikimbiza watoto hospitali zimemezwa na siku 355 za hewa nzuri. Hakuna aliyedanganya, kila namba iko ya kweli. Lakini mtu wa kartie amefutwa ndani ya hesabu.

Na hapa kwetu kuko jambo lingine. Kutoka Mei mpaka Septemba, mvua hakuna, na Juni na Julai asubuhi kunakuwa baridi kali. Hewa baridi inalala chini, hewa ya joto inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, na moshi haupandi mpaka jua lipate nguvu. Kiwanda kilekile, chenye kutoa gesi ileile, kinaweza kuumiza watu zaidi asubuhi ya Julai kuliko mchana wa Januari. Ripoti ya mwaka haitofautishi Julai na Januari. Ripoti ya miezi mitatu inatofautisha.

Miaka mia moja, ripoti ilikuwa udongo

Lubumbashi ilizaliwa na moshi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi 1911, na mji ukakua kwa kukizunguka. Ile shimine ndefu ya Gécamines iko kwenye picha zote za mji, tunaiona kama wengine wanavyoona mlima wao. Karibu karne nzima kiwanda kile kilipuliza moshi, na mwananchi hakupewa hesabu yake.

Lakini hesabu ilibakia. Upepo wetu mara nyingi unatoka kusini-mashariki, na moshi ulienda upande mwingine, kaskazini-magharibi, upande wa Penga Penga. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamesoma ule udongo kwa miaka. Wamekuta shaba, risasi, zinki, kadmiumu. Wanaita ile sehemu "koni ya uchafuzi", ju umbo lake linafuata njia ya moshi. Kuko mahali majani yalikataa kuota, mpaka wachunguzi wakaanza kujaribu majani yenye kuzoea shaba ili kuufunika tena udongo. Ile njo ripoti ambayo babu zetu walipata: ilichelewa miaka themanini, na iliandikwa kwa udongo.

Ndani ya miili yetu pia iliandikwa. Mwaka 2009, wachunguzi wa Lubumbashi pamoja na wale wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitoa uchunguzi juu ya watu 351 wa Katanga. Wale waliokaa chini ya kilometa 3 kutoka migodi ao viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi sana ndani ya mkojo, na watoto walikuwa kati ya walioguswa zaidi. Mwaka 2020 walitoa uchunguzi mwingine, uliofanyiwa Lubumbashi: baba anayefanya kazi yenye kuhusu madini, hatari ya mtoto wake kuzaliwa na ulemavu inaonekana kupanda.

Mtu anaweza kuuliza: kama metali inaingia polepole, miaka na miaka, ripoti ya mwaka si inatosha? Hapana. Kobalti iliyo ndani ya mkojo haina jina la kiwanda. Inaweza kuwa ilitoka kwa vumbi la barabara, kwa maji, kwa chakula, kwa shimo la wachimbaji ao kwa bomba la moshi. Ili kujua ilipita wapi, lazima daktari alinganishe mwezi na mwezi: hapa moshi ulipanda, hapa ulishuka, mwili ulisema nini? Ukiwa na namba moja kwa mwaka, hauna cha kulinganisha.

Na kazi haijapungua. Kolwezi, kiwanda cha Lualaba Copper Smelter kilianza 2020. Mwisho wa 2025, kile cha Kamoa-Kakula kiliwashwa, kimejengwa kwa kutoa tani 500,000 za shaba kwa mwaka. Ni viwanda vya kisasa, vimejengwa na mitambo ya kushika salfa, na hatusemi vinafanya vibaya. Tunasema mtoto anayezaliwa leo karibu na kiwanda kipya asingoje udongo umwambie, kama babu yake.

Shaba wanaihesabu kila miezi mitatu

Tutaambiwa: kila miezi mitatu ni kazi nyingi, ni gharama.

Glencore, yenye migodi kule Kolwezi, inatoa ripoti ya uzalishaji wake kila miezi mitatu. Tani ngapi za shaba, tani ngapi za kobalti, zimepanda ao zimeshuka. Kompani nyingi kubwa zenye kuuza hisa kwa soko la dunia zinafanya hivyo, ju mwenye pesa yake kule Ulaya ao Canada hakubali kungoja mwaka. Mwenye hisa anapewa habari mara nne kwa mwaka. Mwenye mapafu anapewa mara moja, na tena hapewi yeye.

Na vipimo vyenyewe, mara nyingi viko tayari. Kiwanda cha asidi kinapimaka gesi inayotoka kwa bomba ju salfa inayotoroka ni asidi iliyopotea, ni pesa iliyopotea. Mashine inapima masaa 24, namba inaonekana kwa ekrani ya mfanyakazi aliye zamu. Tunachoomba ni kufungua daftari ambalo limekwisha kuandikwa.

Wamarekani walipigania neno hilihili

Kuko inchi ambako hii vita ya "mara ngapi" ilipiganwa mbele ya watu wote, na mwendo wake unatufundisha.

Desemba 1984, gesi ilitoka kwa kiwanda cha Union Carbide kule Bhopal, India, na kuua maelfu ya watu. Wamarekani walijiuliza: na sisi, viwanda vyetu viko na nini? Mwaka 1986 bunge lao lilipitisha sheria ya kulazimisha viwanda kutangaza, kila mwaka, sumu zinazotoa kwa hewa, maji na udongo. Kila mtu anaweza kuifungua ile orodha na kutafuta kiwanda kilicho karibu na nyumba yake.

Septemba 2005, shirika lao la mazingira, EPA, likasema linafikiri kubadilisha: badala ya kila mwaka, iwe kila miaka miwili. Sababu waliyotoa ilikuwa kupunguzia kompani mzigo wa karatasi. Wananchi, wanasayansi, wazima moto na wakubwa wa majimbo wakakataa. Barua za maoni zilipita laki moja, karibu zote za kupinga. Mwisho wa 2006 EPA wakaacha ule mpango wa miaka miwili.

Watu wakashangilia. Lakini Desemba ileile, EPA wakapitisha kanuni nyingine: waliongeza kiasi cha sumu ambacho kiwanda kinaweza kutoa kabla ya kulazimishwa kujaza fomu ndefu yenye maelezo yote. Tarehe ya ripoti ilibakia, lakini vilivyomo vilipungua. Majimbo 12 yalienda tribinali. Ilikuwa Machi 2009 bunge lao liliporudisha kanuni ya zamani.

Somo ni hili: wakikufungia mlango wa "mara ngapi", watajaribu dirisha la "nani anaripoti nini". Lazima tulinde vyote viwili.

Kuko somo la pili. Mwaka 2015, inchi hiyohiyo ililazimisha viwanda vya kusafisha petroli kupima benzini kwenye ukuta wao wa inje, kila wiki mbili, na kutuma namba kila miezi mitatu, na zile namba mwananchi anaziona. Kwa hiyo miezi mitatu si ndoto ya vijana wa Katanga wasio na kazi. Inawezekana, na kompani hazikufa.

Na la tatu: haki ya kujua inaweza kurudi nyuma. Septemba 2025, EPA ilileta pendekezo la kuondolea viwanda vingi wajibu wa kuripoti kila mwaka gesi zinazopasha dunia joto. Kama wale wenye sheria za miaka arubaini wanaweza kunyanganywa, sisi ambao hatujapata kitu tusilale.

Maswali tunayosikiaka

*"Serikali haina watu wa kusoma hata ripoti moja kwa mwaka. Itasoma nne namna gani?"* Ni kweli, utawala hauna watu wa kutosha. Lakini njo sababu ya kutangaza. Ripoti iliyobandikwa kwa komini inasomwa na mwalimu wa shimi, muuguzi, mwanafunzi, mwandishi wa redio. Ukificha, unabakia na wasomaji wawili kule Kinshasa. Ukitangaza, unapata mji mzima.

*"Moshi mwingi unatoka kwa makala, kwa moto wa pori na kwa magari ya zamani."* Ni kweli pia, na hatukatai. Asubuhi ya Julai, kila lupango iko na mbabula. Lakini makala haitoi salfa kama kiwanda cha kuyeyusha shaba. Na kompani isiyo na kosa njo ingepaswa kuwa ya kwanza kutoa namba zake, ili isibebeshwe moshi wa mwingine. Bila vipimo, kila mtu anashitaki kila mtu.

*"Mutafukuza wawekezaji, na kazi zitapotea."* Hili linatuuma, ju linatugusa sisi wenyewe. Mimi ninayeandika haya nilimaliza chuo kikuu, niko nyumbani kwa wazazi. Nimepeleka barua za kuomba kazi kwa kompani za madini, na nitapeleka zingine. Wengi wenu pia. Hakuna kati yetu anayetaka viwanda vifungwe. Lakini tusikubali kuambiwa tuchague kati ya mshahara na pumzi, ju anayefanya kazi kule anarudi kulala kwa kartie ileile. Na tena, kupima hewa ni kazi. Inaomba watu wa shimi, wa mashine, wa takwimu, wa afya. Vyuo vyetu vinawatoa kila mwaka, na wanauza unité za simu kwa kona ya avenue. Serikali ikiomba vipimo vya kweli, itawapa kazi.

Tunachodai

Règlement minier ni dekreti ya serikali. Haiombi kubadilisha katiba, haiombi hata kura ya bunge. Waziri wa Migodi na Waziri wa Mazingira wanaweza kupeleka mabadiliko kwa baraza la mawaziri. Kwa hiyo tunadai:

1. Kila kiwanda kinachoyeyusha madini, kinachotengeneza asidi ao kinachochoma salfa kitoe ripoti ya hewa kila miezi mitatu. Ndani yake ziwe namba za kila siku na saa zilizopanda zaidi, si wastani peke yake.

2. Gesi ikitoroka ao mitambo ya kushika gesi ikisimama, komini, zone de santé na redio za mji zijulishwe ndani ya masaa 24. Hii isingoje ripoti.

3. Ripoti ibandikwe kwa komini, kwa Kifaransa na Kiswahili, na iwekwe kwa intaneti pahali kila mtu anaweza kufungua na simu.

4. Vipimo viwekwe pia inje ya ukuta, ndani ya kartie zenye kupata upepo wa viwanda, na visimamiwe na chuo kikuu pamoja na Agence Congolaise de l'Environnement, si na kompani. Sheria ya migodi inapatia komini na sekta zenye migodi asilimia 15 ya redevance minière. Sehemu ndogo ya zile pesa inunue mashine za kupima hewa.

5. Kiwanda kisichotoa ripoti kwa wakati kilipe, na jina lake litangazwe. Na kisipatikane kiwanda kitakachoondolewa kwa orodha kwa kupandisha kiasi kinachoruhusiwa, kama walivyojaribu Marekani.

Na wewe, unafanya nini

Usingoje dekreti. Chukua daftari, ya bei ndogo tu. Siku unaposikia harufu kali ya gesi, andika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, ilidumu dakika ngapi, nani alikohoa, majani gani yalikauka. Piga picha ya moshi ukiwa kwa barabara ya wote. Usiingie ndani ya uzio wa kompani, usibishane na walinzi, usitupe jiwe. Kama mtu ameenda kituo cha afya, omba karatasi yenye tarehe na uitunze. Watu kumi wa avenue moja wakiandika tarehe ileile na saa ileile bila kuambizana, ile ni ushahidi ambao hakimu hawezi kuudharau.

Kisha miezi mitatu, kusanyeni daftari za avenue, muandike barua moja kwa mkubwa wa komini na nakala kwa gavana: "Hii njo ripoti yetu ya miezi mitatu. Ya kompani iko wapi?" Omba accusé de réception, tunza nakala. Wasipojibu, tutaenda kuuliza tukiwa wengi, kwa amani, vile kifungu cha 26 cha katiba kinaturuhusu kisha kuarifu wakubwa kwa maandishi.

Wapeleke nao zao. Tukutane mbele ya komini na daftari mkononi, tulinganishe.